Bakuli la Mwenye Kifua

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkubwa anaamkiwa hata kama amelala. Kuitikia ni juu yako.

Nimerudi Manyoni juzi kwa lori la ngozi, nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mume wangu yuko kazini relini, watoto wako nje wanapigana kwa ajili ya gurudumu la waya. Hapa mjini hakuna habari nyingine siku hizi ila uhuru: Mwingereza anaondoka lini, nani atakaa kwenye kiti cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Mimi naitikia tu, ndiyo, ndiyo, huku akili yangu iko Mgori, kwenye ua wetu, kwenye lile jiwe bapa. Majirani wameniambia nikulilie mpaka niishe machozi. Nimelia, mama. Machozi yameisha, hasira haijaisha, na mimi unanijua, nikiwa na hasira siwezi kukaa kimya.

Nilikuwa bado sijaota meno ya mbele siku ulipokohoa damu kwenye ungo. Ulikuwa unapepeta uwele nyuma ya tembe, mimi naokota punje zilizoanguka. Kikohozi ulikuwa nacho tangu masika na hakuna aliyekijali, maana vumbi la kwetu humkohoza kila mtu. Siku ile ukainama, ukakohoa, uwele ukaingia madoa mekundu. Uliyafunika haraka kwa kiganja. Lakini Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa ukutani akituangalia. Aliinuka, akanishika mkono, akanivuta mpaka upande wa pili wa ua. Hapo ndipo mimi na wewe tulipoachana, na mimi nilidhani naitwa nikale.

Baba alikupeleka kwa dresa wa zahanati. Dresa akauliza: unakohoa? Kuna damu? Kifua kinauma upande mmoja? Ukajibu ndiyo kwa yote, naye akasema ni kifua kikuu. Simlaumu sana. Mtu anayekohoa damu alikuwa na jina moja tu kwetu, na dawa moja tu: akae peke yake, apumzike, asile na watu. Ukahamishiwa kile kibanda cha mbegu nyuma ya zizi. Baba akachukua bakuli lako la mti, akalichonga alama ya kisu ukingoni ili mtu yeyote asije akalichanganya na mengine. Nakumbuka alivyokuwa akichonga, mdomo ameufunga, kama mtu anayetia alama ng'ombe wa kuuzwa.

Jiwe bapa lilikuwa katikati ya ua. Mimi nilileta ugali, nikautia kwenye bakuli lako lililokuwa juu yake, bila kuligusa, nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Ndipo wewe ulipotoka, ukachukua, ukarudi kibandani. Bibi alisimama kuhakikisha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na miaka ilipita juu ya sheria hiyo. Nimekua nikikuona kwa mbali, mama. Nakujua vizuri kimo na mwendo, lakini uso wako ukiwa karibu sikuujua mpaka nilipokuwa msichana mkubwa.

Ila mdomo wako hawakuweza kuutenga. Umenifundisha kila kitu kwa kupiga kelele kutoka kibandani. Kutwanga ulinifundisha hivyo, na kusonga ugali pia.

"Wewe, huo mwiko unaubembeleza? Usonge!"

"Nausonga, mama."

"Unausonga au unausalimia? Mbona nauona mimi kutoka huku una mabuje."

Na kweli ulikuwa na mabuje. Niliuleta, nikauweka, ukaonja, ukamtupia mbwa wako tonge, ukasema, "Hata Watasema ameukataa." Nikacheka, Bibi akanikemea nisicheke nikiwa nimeelekea kwako, eti kicheko kinavuta hewa.

Watasema. Huyo mbwa nimemfikiria kuliko ninavyowafikiria binadamu wengi. Alizaliwa zizini wiki uliyohamishiwa kibandani, ukaomba uletewe, wakakupa. Kila mtu aliona ni vizuri. Baba alisema, "Angalau asiwe peke yake." Ukampa jina hilo ili kila ukimwita wanawake wapitao njia ya kisimani wasikie. Watasema, njoo. Watasema, kaa. Wakasikia vizuri sana, na wakaendelea kusema.

Yeye hakuwa na sheria ya jiwe. Alilala mapajani mwako. Ulimtoa kupe kwa kucha, ukamkuna masikio, akakulamba mikono na uso, na wakati mwingine mlikula pamoja, wewe upande huu wa bakuli, yeye upande ule. Mimi nilikaa mlangoni, nimekumbatia nguzo, nikimwonea wivu mbwa. Nasema wazi. Kuna siku nilimuuliza Bibi kwa nini Watasema haugui, akanijibu kwamba ugonjwa wa watu hauingii kwa mbwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba waweza kutoka kwa mbwa ukaingia kwa watu.

Baba naye hakukaa bure. Alimleta mganga kutoka upande wa Iramba, mganga akasema wazee wanadai kondoo mweusi. Kondoo akachinjwa. Mwaka uliofuata mwingine, na mwingine tena. Nilikuwepo wakipasua. Mara nyingi mapafu yalikuwa na vifuko, vyeupe, vimejaa maji, ukivibonyeza vinateleza. Wanaume walisema, "Haya si ya mtu," na kila mtu anajua yasiyo ya mtu huenda wapi. Walimtupia Watasema. Akala akashiba, akajilamba, akarudi kibandani kulala mapajani mwako. Kwa hiyo dawa yenyewe, mama, ndiyo iliyokuwa ikimlisha ugonjwa. Nikikumbuka hapo natamani kumshika mtu shingoni, lakini nani? Walikuwa wanakupenda wote, hata Bibi kwa namna yake.

Nawe hukufa. Hilo ndilo lililoanza kuwasumbua. Mwanamke mmoja wa jirani yetu alishikwa na kifua baada yako, akakonda, akatoka jasho, akazikwa pamoja na mtoto wake kabla ya mavuno kurudi. Wewe ulikohoa, ulitema damu siku moja ukakaa miezi bila kutema, mbavu za kulia zikakuuma, lakini mashavu yako yalikuwepo. Dresa alichukua makohozi yako yakaenda kuangaliwa boma, yakarudi hayana kitu. Akayachukua tena, hayana kitu. Akasema wadudu wamejificha. Ukamwambia, "Basi ni waoga kuliko mimi," na huyo dresa alicheka mpaka akasahau kusimama mbali.

Baba ndiye aliyechoka. Siku moja asubuhi alikuja kwenye jiwe, akasimama pale ambapo hakuwa amesimama kwa miaka, akasema, "Jiandae. Tunakwenda kwa wenye mashine ya kupiga picha za ndani." Mkapanda treni ile ya Singida, kabla hawajaing'oa reli, mkaenda mpaka hospitali kubwa. Niliachiwa mbwa. Alikaa mlangoni kwako siku zote hizo, hakula.

Ya huko ulinisimulia wewe mwenyewe, tena mara nyingi, ukiigiza sauti. Walikusimamisha kifua kimegusa bamba la baridi, wakakuambia usivute pumzi. Halafu daktari, Mzungu mmoja mzee mwenye nywele masikioni, akainua ile picha dirishani akaitazama muda mrefu. Karani wa hospitali akatafsiri swali la kwanza.

"Daktari anauliza, nyumbani mna mbwa?"

Ukamgeukia baba. "Nimepanda treni kuja kuulizwa habari za mbwa?"

"Jibu," baba akasema.

"Tunaye. Anaitwa Watasema. Hajambo."

"Anauliza tena, mna kondoo?"

Basi akawaonyesha. Alisema kifua kikuu huchafua picha kama moshi, kinatawanyika huku na huku. Chako kilikuwa kitu kimoja, cha mviringo, ukingo wake laini kama yai, kimekaa chini kwenye pafu la kulia. Akasema mtu mwenye kifua kikuu miaka yote hii angekuwa ama amekufa ama ameimaliza nyumba, na wewe hukumwambukiza mtu. Kwao alikozaliwa ni nchi ya kondoo, ameviona vitu kama hivyo kwa wachungaji. Ni mnyoo mdogo sana, hukaa tumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika kwenye manyoya, yakaingia mdomoni kwa mkono. Ndani ya mtu hayawi mnyoo, yanakuwa kifuko cha maji, na kifuko kinakua polepole, mwaka baada ya mwaka.

Hapo baba akauliza jambo moja tu. "Kama vile vya kondoo?"

Karani akatafsiri. Daktari akaitikia kwa kichwa. Vile vile.

Ulisema baba alikaa chini sakafuni. Hakutafuta benchi. Alikuwa amevipasua kwa mkono wake, amevitupa kwa mkono wake, na kumbe kimoja kilikuwa ndani yako wakati wote huo. Daktari aliwaambia huenda uliupata zamani, ukiwa msichana unachunga na mbwa wa kwenu, kabla hata Watasema hajazaliwa. Akasema hauambukizi mtu kwa mtu. Ruhusa kulala na watoto, ruhusa kula nao. Akakataza mtu yeyote asikuchome sindano ya kutoa maji, maana kikitobolewa vibaya kinaweza kuua. Mrudi baada ya mavuno, atakuwepo mpasuaji.

Mama, siku mliyorudi nilikusubiri juu ya jiwe. Nilikuwa nimelikalia. Habari ilikuwa imetangulia kwa watu wa treni, nami nilikuwa nimeoga na kujipaka samli mpaka nang'aa. Ulipoingia uani nikakimbia. Nawe ukanyoosha mkono mbele, kiganja wazi, ukasema, "Rudi." Sauti ile ile ya miaka yote. Nikasimama. Sote wawili tukabaki tumesimama, na baba akasema taratibu, "Si wameshasema?" Ukaushusha mkono, lakini hukunikaribia.

Bibi alikataa kabisa. "Tangu lini mtu akakohoa damu kwa sababu ya mbwa?" Alisema Wazungu wameshindwa kutibu, wamebadilisha jina. Siku ya pili yake baba akamwita Watasema nyuma ya zizi, akabeba kamba na shoka. Daktari hakusema mbwa auawe. Alisema wasipewe mapafu mabichi, na tunawe mikono, basi. Lakini baba alihitaji kitu cha kupiga. Wewe ulitengwa hukulia, ulirudishwa hukulia, siku ile ulilia umeshika ukuta, unasema, "Ndiye aliyekaa na mimi." Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Nilitaka kuja kukushika, nikaogopa ile "rudi" yako kuliko nilivyowahi kuogopa ugonjwa.

Mavuno yalikuwa hayajafika bado. Ulikuwa unajitwisha mtungi kisimani, ukakohoa, kikapasuka. Wanawake walikimbia, mimi nikabaki. Yalitoka maji, mama, maji mengi, nawe ukasema ni ya chumvi kama ya ziwani Singida, halafu vikatoka vigozi vyeupe, laini, kama ile ngozi iliyo ndani ya ganda la yai. Ukavimba uso, mwili ukajaa malengelenge, pumzi ikawa inapiga filimbi. Nilikushika kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kukushika tangu siku ya ungo, na ulikuwa huna nguvu ya kunifukuza. Nilidhani unakufa mikononi mwangu, na bado, Mungu anisamehe, kuna kipande cha moyo wangu kilichokuwa kinasema, angalau nimekushika.

Hukufa. Kilikuwa kimejitapika chenyewe karibu chote. Ulilala miezi, ukainuka, ukapelekwa tena kwenye picha, yule daktari akasema imebaki alama tu. Kila mtu alisema umepona. Ulihamia nyumbani, kibanda kikarudi kuwa cha mbegu, Bibi akafa akiwa hajasadiki. Nilingoja. Nilidhani sasa nitarudishiwa mama yangu, kama mtu anavyorudishiwa kitu alichonyang'anywa kwa makosa.

Haikuwa hivyo. Ulikaa karibu na mlango. Ukizungumza uligeuza uso pembeni, ukaufunika mdomo kwa upande wa kaniki. Ulikula wa mwisho, kwenye lile lile bakuli lenye alama, ukaliosha mwenyewe, ukaliweka peke yake juu ya dari ya kuhifadhia. Siku nilipokuuliza tulikuwa tunamenya karanga.

"Mama, daktari alisema huambukizi."

"Aliniambia."

"Sasa?"

"Aliniambia mimi. Hii mikono hakuiambia."

Watoto wangu walipozaliwa ulikuja mpaka hapa Manyoni, ukawaimbia kutoka mlangoni, ukawashonea, ukawatania, ukawachagulia na majina. Hukuwabeba. Mkubwa wangu alizoea kukuita "bibi wa mlangoni", na ulikuwa unaitikia kwa furaha, mimi ndani nikipika huku nauma meno. Nilikuwa na hasira na wewe, mama. Acha niiseme, kwa kuwa tukiwa uso kwa uso sikuweza. Dresa alikosea, Bibi aliogopa, baba alichonga bakuli, lakini walikuwa wameshakuachia. Wewe ndiye uliyeendelea kujilinda na sisi, mwaka hadi mwaka. Au ulikuwa unatulinda sisi na wewe. Kwangu matokeo yalikuwa yale yale.

Mwezi huu nilipoitwa niliambiwa ni homa. Nikakukuta umekuwa mdogo. Nilisonga ugali wa uwele, nikapika mlenda na chumvi kidogo unavyopenda, nikautia kwenye bakuli lako. Nilikulisha kwa mkono wangu na hukukataa. Ulikula karibu nusu. Ulitafuna taratibu ukiniangalia, halafu ukasema, "Leo hauna mabuje."

"Nilifundishwa na mtu mkali," nikakuambia.

Ukacheka kidogo, ukakohoa, ukageuza uso ukutani kukohoa, hata hapo. Nilipochukua bakuli nimalizie yaliyobaki, kama mtoto yeyote anavyomalizia ya mama yake, ukanishika mkono. Ulikuwa na nguvu bado kwenye vidole.

"Weka chini. Wape kuku."

Nikaweka. Nilikuwa nimeshakuwa mama wa watoto, na bado nilirudi nyuma kama pale kwenye jiwe. Nikalifunika kwa ungo nikidhani asubuhi nitakushawishi ule tena. Asubuhi ulikuwa umekwenda.

Tulikuzika kando ya babu. Wanawake wa kisimani walikuja wote, wakakulilia kwa sauti, na sikuwa na nguvu ya kuwakumbusha lolote. Baba alikaa chini ukutani, hakutafuta kigoda. Watu walipotawanyika nikaingia ndani kufagia, nikaliona bakuli pale pale chini ya ungo. Ugali ulikuwa umeshika ukoko juu, mlenda umekauka pembeni. Pale nilipokuwa nakumegea palikuwa na alama za vidole vyangu nilivyokulisha navyo.

Nilikaa chini nikala. Ulikuwa wa baridi, mgumu kumeza, nami sikuharakisha. Nilimaliza wote, nikakwangua na ukoko. Baba alichungulia mlangoni, akaniona, akaondoka.

Kisha nikaliosha bakuli lako, mama, nikalipanga katikati ya mengine.

Mimi mwanao,
niliyekuwa nakuletea chakula